Kauri ya mfupa imeharibika: kosa liko tanurini au ndooni?

Kila anayeanza kutengeneza kauri yenye matundu ya kurekebishia mifupa huishia kulitukana tanuri. Kipande kimeingia kizima, kimetoka kimepasuka. Nani mwingine wa kushitakiwa? Mimi mwenyewe niliwahi kumwita fundi abadilishe kipimajoto cha tanuri kwa sababu vipande vyangu vilikuwa vinageuka unga. Fundi alibadilisha, akalipwa, akaondoka. Vipande vikaendelea kugeuka unga. Kosa lilikuwa kwenye ndoo ya chokaa tangu mwanzo.

Kwa hiyo mwongozo huu unarudi nyuma: unaanza na kile unachokiona mkononi, kisha unatafuta kilizaliwa wapi. Mara nyingi utajikuta ndooni, kwenye kinu cha kusagia au kwenye sponji yenyewe. Tanuri hulaumiwa mno kwa sababu ndilo la mwisho kuonekana na kipande.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia njia ipi, maana zipo nyingi. Hii ni njia ya sponji, ambayo Schwartzwalder na Somers walipata hataza yake Marekani mwaka 1963. Sponji ya poliyurethini inachovywa kwenye uji wa unga wa kauri, inakamuliwa, inakaushwa, inachomwa. Sponji inateketea na kauri inabaki na umbo lake. Unga wetu ni haidroksiapataiti (apataiti kwa kifupi), ndugu wa madini yaliyomo kwenye mfupa wako: atomi 10 za kalsiamu kwa 6 za fosforasi, yaani uwiano wa 1.67. Tunautengeneza ndooni, kwa kudondosha asidi ya fosforiki kwenye maji ya chokaa. Ikumbuke hiyo 1.67, kwani nusu ya magonjwa yaliyomo humu yanatokana nayo.

Kipimo changu cha kuanzia ni hiki. Unga gramu 100, uliokwisha kuchomwa nyuzi 850 na kusagwa tena. Maji yaliyochemshwa na kuvunwa mvuke, mililita 70, yakiwa na gramu 3 za gundi ya PVA (polivinili alkoholi) iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 85 ikapoa. Sponji ya matundu 45 hadi 60 kwa inchi. Kukausha siku nzima kivulini, kisha nyuzi 80 kwenye oveni. Tanurini: nyuzi 1 kwa dakika hadi 600, hapo saa 1, nyuzi 3 kwa dakika hadi 1250, hapo saa 2, kisha lipoe lenyewe. Ukijumlisha, ni saa 16 kabla hata ya kuanza kupoa. Kwetu sisi wenye umeme wa kubahatisha, namba hiyo nayo ni chanzo cha matatizo, na tutaifikia.

Ni vipande vya maabara, vya kupimwa na kujifunzia. Kitu cha kumwekea mgonjwa kinahitaji kiwanda chenye mfumo wa ubora wa ISO 13485 na majaribio ya usalama ya ISO 10993. Asikudanganye mtu kwamba tanuri na glavu vinatosha.

Shahidi

Kabla ya dalili yoyote, jenga tabia moja. Kila unapochoma, bonyeza kidonge kidogo cha unga uleule, bila sponji, ukiweke pembeni ya vipande. Mimi nakiita shahidi. Kikitoka kizuri, cheupe na kigumu, huku vipande vimeharibika, basi unga na tanuri havina hatia: chunguza uji, sponji na ukaushaji. Kikiharibika pamoja na vipande, kosa liko kwenye unga au kwenye joto. Kazi ya dakika mbili inakuokolea wiki. Na kipime kwa kalipa kabla na baada: kidonge kile kile, unga ule ule, kikisinyaa kidogo kuliko kawaida, tanuri halikufikia joto linalokuonyesha kwenye kioo chake. Hapo ndipo umwite fundi.

"Kilitoka kizuri, siku ya nne kikawa unga"

Hili ndilo lililonipata mimi, msimu wa masika, Dar es Salaam. Ijumaa nilitoa vipande 12 tanurini, vyeupe, vinalia vikigongwa kama kikombe cha chai. Nikavifungia kwenye droo. Jumanne nilipoivuta droo, sita vilikuwa na nyufa na vitatu vilikuwa vumbi.

Ni chokaa isiyozimwa. Kalsiamu ikizidi 1.67, ile ya ziada haina pa kukaa kwenye apataiti, hivyo joto linaigeuza kuwa kalsiamu oksaidi na kuiacha imejibanza kati ya chembe. Kipande kinatoka kizima. Kisha unyevunyevu wa hewa unaanza kuizima chokaa hiyo polepole, na chokaa ikizimwa inavimba hadi karibu mara mbili ya ujazo wake. Waliojenga kwa chokaa pwani wanalijua hili bila kusoma kemia: donge moja lisilozimwa vizuri kwenye plasta, na miezi baadaye ukuta unatoa kipele. Hewa ya Dar ya mwezi wa Aprili inafanya kwa siku nne kile ambacho hewa ya Dodoma mwezi wa Agosti ingekifanya kwa mwezi.

Kuthibitisha ni rahisi. Saga kipande kimoja, kiloweshe kwa maji safi, dondoshea fenofthalini, kimiminika kinachogeuka waridi kikikutana na alkali. Ikigeuka waridi iliyokolea, umeshampata mwizi. Haidroksiapataiti safi huiacha bila rangi. Ukiwa na njia ya kufikia mashine ya eksirei ya fuwele, tafuta kilele kwenye nyuzi 37.4 za pembe mbili-theta. Hicho ni cha chokaa.

Swali kubwa ni ilitoka wapi, na hapa majibu ni matatu, manne.

La kwanza ni hesabu. Ukitengeneza unga kutokana na maganda ya mayai au chokaa ya kununua, kila gramu 561 za kalsiamu oksaidi zinahitaji gramu 588 za asidi ya fosforiki halisi, na zitakupa karibu kilo moja ya apataiti. Asidi ya dukani huwa ya asilimia 85, hivyo unahitaji gramu 692 za chupa. Wanafunzi wengi hupima 588 za chupa na kusahau ile asilimia. Kalsiamu inabaki nyingi.

La pili ni haraka. Asidi inadondoshwa kwenye maji ya chokaa, tone kwa tone, huku kikorogeo kinazunguka. Ukimimina kwa pupa, kila chembe ya chokaa inavishwa ganda la apataiti kwa nje na moyo wake unabaki chokaa. Hesabu iko sawa, lakini mmenyuko haujakamilika. Dawa yake ni kuchuja maji ya chokaa kwa chujio laini kabla ya kuanza, kudondosha kwa saa mbili au zaidi, na kuacha kila kitu kikoroge na kulala usiku kucha kabla ya kuosha.

La tatu ni la wanaotumia mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni. Mfupa una kaboneti ndani yake, na ukiuchoma juu sana baadhi yake huishia kuwa chokaa kidogo. Usiulaumu mfupa, pima unga kwa fenofthalini kabla ya kutengeneza uji, na ukiona waridi hafifu, rudisha unga ndani ya maji na uongeze asidi iliyozimuliwa tone kwa tone hadi rangi ipotee.

La nne lilinichukua muda mrefu kuligundua, nalo ni godoro. Sponji ya bei nafuu mara nyingi imeongezewa unga wa kalsiamu kaboneti ili iwe nzito na ionekane imara dukani. Ukiichoma, poliyurethini inaondoka na chokaa inabaki hapohapo kwenye kauri yako. Chukua kipande cha sponji peke yake, kipime, kichome kwenye kigae hadi nyuzi 900, kisha upime majivu. Sponji nzuri haibakishi karibu chochote. Ukikuta majivu meupe yanayoonekana kwa jicho, irudishe kwenye godoro. Na hapa ndipo shahidi anapofanya kazi yake: kidonge kisicho na sponji kitakaa kizima mwezi mzima huku vipande vikibomoka.

Vipande vilivyokwisha kuchomwa vikiwa na chokaa, usihangaike kuviokoa. Na usivipeleke kwenye kitakasio cha mvuke cha nyuzi 121 ukitarajia muujiza. Mvuke ndio unaomaliza kazi ambayo unyevunyevu ulianza. Kusema kweli hicho ni kipimo kizuri cha makusudi: kipande kinachoshindwa kwenye mvuke leo kingeshindwa kwenye droo wiki ijayo.

"Kina nyufa kama nywele na eksirei inasema si apataiti"

Huu ni ugonjwa wa upande wa pili. Kalsiamu imepungua chini ya 1.67, na ukichoma kupita nyuzi 700 au 800 sehemu ya unga inageuka kuwa trikalsiamu fosfeti, ambayo uwiano wake ni 1.5. Kwenye eksirei kilele chake kikubwa kiko nyuzi 31.0, jirani kabisa na cha haidroksiapataiti kwenye 31.8, kwa hiyo angalia vizuri.

Trikalsiamu fosfeti yenyewe si sumu wala si adui. Mwili unaiyeyusha haraka kuliko apataiti, na wapo wanaozichanganya hizo mbili kwa makusudi. Shida ni kuipata bila kuiita. Ikivuka takriban nyuzi 1125 umbo lake la beta linageuka kuwa alfa, linavimba, na kwenye vijiti vyembamba vya mtandao wako uvimbe huo unatosha kuacha nyufa.

Je, imetoka ndooni au tanurini? Swali hili lina kipimo chake. Choma kijiko cha unga mbichi nyuzi 1000 tu. Ikiwa trikalsiamu tayari iko, ni ndoo. Ikiwa haiko kwenye nyuzi 1000 lakini iko kwenye kipande kilichochomwa juu, tanuri lako limepita kiasi: apataiti ikipelekwa nyuzi 1300 na kuzidi, hasa kwenye hewa kavu, inapoteza maji yaliyofungwa ndani yake na kuvunjika. Tanuri linaloandika 1250 huku ndani kuna 1320 si jambo la ajabu.

Ndoo ikiwa ndiyo mkosaji, mambo mawili ya kuangalia. Kwanza pH mwishoni mwa kudondosha. Ikishuka chini ya 9 uko hatarini, ongeza amonia uirudishe 10. Pili chokaa iliyokaa. Kalsiamu oksaidi iliyowekwa kwenye kopo lisilofungwa sawasawa hunywa unyevu na hewa ya ukaa, ikaongezeka uzito. Unapima gramu 561 ukidhani zote ni kalsiamu oksaidi, kumbe sehemu ni maji. Ichome upya nyuzi 900 kwa saa mbili, ipoze kwenye chombo kikavu kilichofungwa, pima papo hapo. Unaona sasa: kosa moja la chokaa linazidisha kalsiamu, jingine linaipunguza, na yote mawili yanatokea kwenye kopo lilelile.

Uji unaokataa kukaa

Sehemu hii haiandikwi vizuri kwenye karatasi za watafiti. Wanasema uji ulikuwa na mnato unaofaa, wanahamia aya inayofuata.

Unga mbichi uliotoka kwenye kuchujwa na kukaushwa una chembe ndogo mno, na kila chembe inataka maji yake. Unaweka gramu 40 tayari una udongo wa kufinyangia. Unaongeza maji, uji unalainika, sponji inachovywa vizuri, na ikikauka inapasuka kila mahali kwa sababu maji yalikuwa mengi kuliko kauri. Watu hujaribu kuponya hili kwa kuongeza gundi. Haisaidii. Dawa ni kuuchoma unga kwanza nyuzi 800 hadi 900 ili chembe ndogo zishikane ziwe kubwa kidogo, kisha kuusaga usiku mzima. Hapo gramu 100 zitaingia kwenye mililita 70 za maji na bado uji unamiminika.

Uji unaofaa una tabia ya asali ya nyuki wadogo na ya tomato sosi kwa pamoja: ukiukoroga unalegea, ukiuacha unakaza. Unalegea wakati unaikamua sponji ndani yake ili uingie kila pembe, kisha unakaza pale pale ili usichuruzike. Kijaribu ni kijiti cha mianzi. Kichovye, kiinue, hesabu hadi kumi. Uji ukiendelea kudondoka baada ya kumi, ni mwepesi. Usipodondoka hata tone, ni mzito.

Ukiona tabaka la maji juu na tope gumu chini ndani ya nusu saa, chembe ni kubwa mno au zimegandana. Saga tena, au ongeza kiasi kidogo cha poliakrileti ya amonia kuzitenganisha. Kidogo kabisa, chini ya asilimia 1 ya uzito wa unga. Ikizidi, uji unarudi kuwa mzito na utadhani hukuweka. Chagua ya amonia na si ya sodiamu, kwa kuwa amonia inaondoka na moto na sodiamu inabaki.

Viputo ni kosa la PVA na la mkono wako. Gundi hii inatoa povu kama sabuni ikikorogwa kwa fujo. Kila kiputo kinachokauka kwenye kijiti kinakuwa shimo, na kila shimo ni mahali pa kuvunjikia. Koroga polepole, uache uji utulie saa moja, na ukiwa na tone la oktanoli, kiua povu, litie.

Matundu yameziba

Unaangalia kwenye mwanga, huoni ng'ambo. Mara nyingi uji haukukamuliwa vya kutosha: vitambaa vyembamba vya uji vimebaki kati ya kijiti na kijiti na vimeiva hivyo. Pitisha sponji iliyochovywa kati ya mabomba mawili yanayozunguka, kama kinu cha juisi ya miwa lakini kwa upole, mara mbili, ukigeuza upande. Kisha puliza hewa ya pampu kwa mbali. Kinywa kinaleta mate.

Ikiwa bado kuna vizibo, tazama sponji yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Nyingine zina utando mwembamba unaong'aa kwenye madirisha yake. Zilaze usiku kwenye sodiamu haidroksaidi ya asilimia 8, uzikande, uzioshe hadi maji yawe hayatelezi tena vidoleni (ukiwa umevaa glavu, utaamini karatasi ya pH kuliko vidole). Utando unaliwa, na faida ya pili ni kwamba uso wa sponji unakuwa wa kukwaruza na uji unashika vizuri zaidi.

Kwa nini tunahangaika hivi? Kwa sababu mfupa hauingii mahali mshipa wa damu usipoingia. Tangu kazi za Hulbert na wenzake mwaka 1970 kipimo cha chini kinachotajwa ni maikromita 100; wengi leo wanapendelea kupita 300 ili mishipa ipite kwa nafasi. Na tundu kubwa lisiloungana na jirani yake ni chumba kisicho na mlango. Weka tone la wino wa kalamu juu ya kipande. Ukifika chini kwa sekunde chache na kuenea sawasawa, milango ipo. Usisahau kusinyaa: sponji ya matundu 60 kwa inchi ina matundu ya takriban maikromita 420, na kauri ikisinyaa asilimia 20 unabaki na kama 340.

Watu wa pwani wana mfano wa matundu mazuri miguuni pao. Mwaka 1974 Roy na Linnehan walionyesha kwamba matumbawe ya Porites yanaweza kugeuzwa kuwa apataiti kwa fosfeti, joto na mgandamizo wa maji, huku matundu yake ya karibu maikromita 200 yakibaki yalivyo. Porites ni jamii ileile ambayo mafundi wa Kilwa waliichonga kwa nakshi ikiwa bado laini kutoka baharini. Lakini usiende kuvunja mwamba. Matumbawe magumu yako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, Nyongeza ya Pili, na samaki wanayahitaji kuliko tanuri lako.

Kinaanguka ndani ya tanuri

Unafungua mlango unakuta rundo. Kama rundo ni jeupe na lina vipande vyenye makali, sponji iliondoka haraka kuliko kauri ilivyoweza kuvumilia. Poliyurethini inaoza kati ya takriban nyuzi 200 na 400, inavimba kwanza, inatoa moshi mwingi, na kwa muda huo wote kauri ni vumbi lililoshikwa na gundi inayoungua nayo. Nyuzi 1 kwa dakika si uzembe wa wataalamu. Kwa vipande vinene kupita sentimita 2, nenda nusu nyuzi.

Kama rundo limebonyea kama keki iliyokosa hamira, tabaka la uji lilikuwa jembamba mno. Na kama ni kipande kimoja tu kwenye kona kilichoanguka, kilikuwa hakijakauka katikati.

Moshi wenyewe una sianidi ya haidrojeni na mivuke inayochoma mapafu. Tanuri lisilo na bomba la kutolea nje lisichome sponji, basi.

Sasa umeme. Ukikatika chini ya nyuzi 200 hakuna kilichopotea, anza upya. Ukikatika kati ya 200 na 600, usifungue mlango: sponji nusu imekwenda na kauri haijashikana, upepo wa mlango unatosha kuiangusha. Umeme ukirudi, anza tena kwa nyuzi 1 kwa dakika kutoka joto lolote lililopo. Ukikatika juu ya 600, vipande vinasimama vyenyewe japo vinavunjika kwa kuguswa. Endelea kwa nyuzi 3. Ukikatika ukiwa tayari umekaa 1250 kwa saa moja na nusu, hiyo inatosha kabisa. Kitu cha kuangalia ni kidhibiti: vingine umeme ukirudi vinaanza programu kutoka mwanzo, vingine vinarukia kwenye joto la lengo kwa nguvu zote. Jaribu chako tanuri likiwa tupu, ujue mapema.

Rangi

Kijivu au nyeusi katikati ni kaboni iliyokosa hewa. Ni kitu kilekile kinachofanya mkaa wa mifupa wa kuchujia floridi kule Arusha uwe mweusi. Huko wanautaka, sisi hatuutaki. Acha tundu la hewa wazi hadi nyuzi 700, punguza idadi ya vipande.

Buluu hafifu ni manganizi, kiasi kidogo tu kilichoingia kwenye apataiti na kuchomwa kwenye hewa. Inatisha kuliko inavyodhuru, ila inakuambia kwamba malighafi yako haikuwa safi. Kahawia au chungwa ni chuma, na kama unasaga kwa vipira vya chuma huhitaji kuuliza zaidi. Tumia vya zirkonia.

Kuna uchafu usio na rangi. Maji ya bomba ya maeneo ya Mlima Meru yana floridi nyingi, na apataiti inaipenda floridi kuliko inavyojipenda. Mwamba wa Minjingu ni apataiti pia, lakini ya floridi, na una urani. Ni mbolea, uache shambani. Asidi ya fosforiki ya kiwango cha mbolea inaweza kuja na kadimiamu. Viwango vya haidroksiapataiti ya kupandikiza vinaruhusu kadimiamu isiyozidi miligramu 5 kwa kilo, risasi 30, aseniki 3, zebaki 5, na metali nzito zote pamoja 50. Huwezi kufika huko kwa malighafi ya duka la pembejeo.

Kizuri machoni, kinavunjika vidoleni

Usishangae sana. Vipande vya njia ya sponji kwa kawaida vina nguvu ya mgandamizo kutoka sehemu ya kumi ya megapaskali hadi 2 hivi, wakati mfupa wa ndani wenye matundu kama sponji una 2 hadi 12. Sababu iko ndani ya kila kijiti: pale palipokuwa na uzi wa sponji pamebaki mrija mtupu wenye pembe tatu. Vunja kijiti utazame kwa kioo, utauona.

Pima kwanza uwazi wa kipande, yaani sehemu yake iliyo hewa. Mchemraba wa sentimita 1 wenye gramu 0.5 ukigawanya kwa 3.16, uzito kwa gramu wa sentimita moja ya ujazo ya apataiti isiyo na tundu, unapata kauri asilimia 16 na hewa asilimia 84. Ukiwa umepita 90, hakuna ujanja utakaoufanya uwe imara; uji ulikuwa mwepesi. Chovya tena. Tabaka la pili linawekwa baada ya la kwanza kukauka, kwa uji mwepesi zaidi kidogo, na linaziba nyufa zilizoachwa na sponji ilipovimba. Wengine huchoma nusu, nyuzi 1000, ndipo wachovye la pili. Hiyo ni salama zaidi kwa mkono unaotetemeka.

Ikiwa uwazi ni wa kawaida na bado ni dhaifu, kwaruza kijiti kwa kucha. Kikitoa unga kama chaki, hakijaiva, na shahidi wako atakuwa amesinyaa kidogo pia. Panda nyuzi 1280. Kisichotoa unga lakini kinavunjika kwa sauti kavu kimeiva vizuri, na udhaifu wake ni wa nyufa au viputo. Rudi kwenye uji.

Seli zinakufa, maji ya lishe yamegeuka zambarau

Umepeleka kipande kwa wenzako wa baiolojia, wakakupigia simu wakilalamika kwamba maji ya seli yamebadilika kutoka wekundu wa kawaida kuwa waridi-zambarau. Hiyo ni rangi ya pH iliyopanda. Ama kuna chokaa iliyojificha, kidogo kiasi cha kutovunja kipande lakini cha kutosha kuua seli, ama hukuiosha vizuri sodiamu haidroksaidi ya sponji na ikapona moto. Loweka kipande kingine cha kundi lilelile kwenye maji safi kwa saa 24 na upime pH kila baada ya saa sita. Ikipanda na kushuka baada ya kubadilisha maji mara mbili, ni sodiamu ya juu juu na kuosha kutatosha. Ikiendelea kupanda kila unapobadilisha maji, ni chokaa. Rudi kwenye ndoo.